Mashine Isiyolia

Jumatatu, 3 Machi

Dizeli imekwisha. Si kwetu tu, mji mzima. Mume wangu alitia kijiti ndani ya tangi la injini, akakitoa kikavu, akakitazama kama kimemtukana. Kisha akakitia tena.

Hatukusaga hata debe moja. Na hakuna aliyekuja kuuliza! Watu wanapita na mahindi yao kichwani, hawatupi jicho. Siwalaumu. Hapa injini ndiyo kengele. Ikianza kulia asubuhi, sauti inafika mpaka shuleni ng'ambo ya barabara kubwa, na kila mwenye mahindi anajua kwetu pamefunguliwa. Isipolia, tumefunga. Ndivyo ilivyo tangu mume wangu ana nywele.

Naandika humu kwa sababu siwezi tena kumnong'oneza mtu wangu. Hiyo injini imemla masikio. Amesimama pembeni yake maisha yake yote, na sasa nikitaka kumwambia neno lazima nipige kelele, na nikipiga kelele anajibu fundi cherehani wa jirani. Juzi nilimwambia tumbo linanisumbua. Nilipokea pole kutoka nyumba tatu. Yeye akaniuliza, "Nani amekusumbua?"

Daktari wa masikio alishasema. La kulia limekwisha. La kushoto limebaki kidogo, tena sauti nzito nzito tu, na injini ikiendelea hicho kidogo kitakwenda na hakirudi. Mume wangu akasema daktari anatia chumvi. Injini ataiachaje, na ndiyo kitu pekee anachokisikia vizuri?

Mimi sitaki makubwa. Nataka anisikie. Bado nina maneno.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kituo cha mafuta na dumu. Nimeshinda huko. Nimerudi na dumu.

Foleni ilikuwa ya kila aina. Pikipiki, lori la maziwa – maziwa yameshaanza kunuka – jamaa wa pampu ya maji, na gari la kubeba maiti, ndugu wamekaa kivulini, marehemu ndani. Marehemu peke yake ndiye hakulalamika.

Kila mtu ana sababu yake. Huyu anasema meli imekwama baharini. Yule anasema ni vita vya watu wa mbali. Mwingine anaapa kwamba matajiri wameyaficha. Mwalimu wa jiografia, aliyekuja kwa miguu kwa kuwa basi halitembei, akatueleza kwamba mafuta ya dunia hii yana mwisho na siku moja yatakwisha kabisa. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu akamuuliza: kabla ya zamu yangu au baada? Mwalimu akasema, labda miongo kadhaa. "Basi nipishe," mwanamke akasema, akasogeza dumu lake.

Muuza mkaa alipita na mkokoteni wake akitusalimia mmoja mmoja. Sijapata kumwona na adabu kiasi hicho.

Nyumbani maji hayatoki. Pampu ya mji inakwenda kwa dizeli. Kumbe hata maji tulikuwa tunakunywa ya dizeli, na hatukuambiwa.

Ijumaa, 7 Machi

Mkwe amekuja. Huyu ndiye aliyemuoa binti yetu, kazi yake kufunga paneli za jua. Kijana mzuri, ila nikiingia chumbani anatoka jasho. Binti anasema ni heshima. Haya.

Amekuja na paneli juu ya mkokoteni wa muuza mkaa. Hakuna gari lenye mafuta, kwa hiyo jua limeletwa na mkaa! Ana mota ya umeme pia. Tajiri mmoja aliviagiza kisha akabadili mawazo, kwa hiyo tujaribu bure mpaka atokee mnunuzi.

Aliniambia mimi, macho chini: "Mama, tunatoa injini, tunaweka mota, kinu ni kilekile. Na masikio ya baba yatapona." Nikamwambia hayatapona. Akasema, "Basi yatapumzika." Hapo alinipata.

Kumwambia mume wangu ilikuwa shughuli. Nilipiga kelele, mkwe akachora picha mchangani, fundi cherehani akachangia kupitia dirishani. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Inalia?"

Mkwe akasema kwa fahari kwamba hailii kabisa.

"Mashine isiyolia," mume wangu akasema, "ni kabati." Akaingia ndani kulala.

Jumamosi, 8 Machi

Imefungwa. Injini imesogezwa uani, haijatupwa, maana mume wangu aliikalia. Mkwe amepanda bati, ameshuka, amepanda tena. Mkanda unaotoka kwenye mota kwenda kwenye kinu ameuzungushia kinga ya waya. "Hii kinga isitolewe, mama. Hata kwa dakika."

Saa za mchana jua lilipochangamka akawasha. Inavuma kama nyuki ndani ya mtungi, basi. Unga ukatoka laini, mweupe, bila harufu ya moshi. Nilisimama nikiwa nimeushika mkononi. Niseme ukweli, nilisikia raha mpaka machozi yakanilenga. Miaka yote nimeosha moshi kwenye mapazia.

Mume wangu alikuwa amesimama kando ya kinu, mkono kwenye sikio la kushoto. Akaniuliza, "Mnawasha lini?"

Nikamwonyesha unga. Akautazama unga, akanitazama mimi, kama vile nimeutoa dukani.

Jumatatu, 10 Machi

Jua kali kupita kiasi. Mota tayari. Mizani tayari. Mkwe amevaa shati safi.

Hakuna mtu.

Wamepita! Nimewaona kwa macho yangu, wamepita na mahindi wakielekea kwa yule mwenye kinu cha mkono kule mtaa wa chini, na pale mtu anasaga mwenyewe mpaka mabega yanakatika. Nikamkimbilia mama mmoja, nikamuuliza mbona unatupita. Akasema, "Pole jamani, tumesikia mmefunga." Nikamuuliza umesikia kwa nani. Akasema hajasikia kwa mtu. Hajasikia kitu.

Mkwe akaenda akaandika TUMEFUNGUA kwenye ubao na kuutundika mlangoni. Akapita mtu, akausoma kwa sauti, akatega sikio, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Jumanne, 11 Machi

Mume wangu ametoa dumu dogo chini ya kitanda chetu. Chini ya kitanda! Nimelala juu ya dizeli sijui tangu lini. Anasema ni akiba. Nikamuuliza akiba ya nini, akasema ya injini, kana kwamba injini ni mgonjwa wa kupelekewa uji.

Ameiwasha pale pale uani. Haijafungwa kwenye kinu, haisagi chochote, inalia tu. Tu-tu-tu-tu, moshi mweusi, kuku wamekimbia. Haikupita muda foleni ikajaa mlangoni mpaka kwa fundi cherehani. Tumesaga mfululizo kwa jua mpaka jua likachoka.

Yaani tunachoma dizeli ili watu wajue kwamba hatutumii dizeli. Mkwe amekaa chini amejishika kichwa. Hakusomea hili.

Mume wangu amecheka leo. Alikuwa amesimama pembeni ya injini, kiganja kwenye tangi lake, amefumba macho. Niliizima baada ya watu kufika. Akakasirika. Nikamkumbusha daktari, akasema hasikii. Safari hii naamini alikuwa anasikia.

Alhamisi, 13 Machi

Mawingu. Mota inakwenda kama mzee anapanda ngazi. Wateja wamekaa juu ya magunia yao wakitazama juu, kila wingu likisogea wanalishangilia. Mwalimu wa jiografia, naye ana mahindi yake, akawaeleza habari za betri. Wakamuuliza anazo? Hana.

Mume wangu alipita tu mara nyingi mbele ya mkwe, mikono nyuma, akitazama angani. Angetamka neno lolote ningemjibu. Hakunipa nafasi.

Dumu la chini ya kitanda limekwisha.

Jumamosi, 15 Machi

Kumbe siku ile injini ilipolia mkwe aliirekodi kwenye simu. Leo ameleta spika, ameitundika juu ya paa karibu na paneli, ameiunganisha, akabonyeza. Tu-tu-tu-tu! Mpaka kile kikohozi chake cha kuanzia kimo, na kuku wanapiga kelele nyuma.

Wamekuja wote. Wengine wametoka mtaa wa chini wanakimbia. Mama mmoja akaniambia, "Afadhali mmepata mafuta." Nikamwambia hatujapata. Akacheka, akaniambia waficheni wengine, ila mimi msinifiche. Sasa mji mzima unaamini tuna dizeli tumeificha. Jamaa wa pampu ya maji amekuja kuniomba kidogo, kwa upole, kisha si kwa upole sana.

Binti yangu alipopigiwa simu akaelezwa alicheka mpaka akakohoa. Jua linaiga dizeli ili liaminiwe. Nami nilicheka.

Kisha nikamtafuta mume wangu. Alikuwa uani, amesimama mbele ya injini. Watu wote wa mji wanaisikia injini yake, yeye haisikii. Kile kispika kinatoa sauti nyembamba, na nyembamba kwake zilishakwenda. Akaniuliza kwa nini watu wamejaa wakati hatujawasha kitu.

Nilimweleza. Alielewa. Akasema, "Ah." Na kurudi kukaa.

Kicheko kilinitoka mwilini chote.

Jumatatu, 17 Machi

Mwandiko huu nitausoma kwa shida.

Mume wangu ameitoa ile kinga ya waya. Kumbe ameitoa tangu jana, kwa bisibisi yake mwenyewe, kwa sababu anasema asiposikia lazima aone. Angekaa atazame mkanda: ukizunguka, mashine inafanya kazi, usipozunguka, imezimwa. Nani angemlaumu? Lakini mkanda ule wa mota unakwenda mbio mpaka unaonekana umesimama. Na haukuwa na sauti ya kumwambia vinginevyo.

Punje zilikwama kwenye mdomo wa kinu. Nilikuwa kwenye mizani. Nilimwona anainama, anapeleka mkono taratibu, kama mtu anayetoa uzi kwenye nguo ya mtoto. Niliita. Niliita kwa nguvu zangu zote. Wateja wote waligeuka.

Mkanda ukashika mkono wa shati. Shati lenyewe lilishazeeka, nimelitia viraka mwenyewe, nikamwambia alitupe hataki – likachanika mpaka begani, likaenda lote. Yeye akabaki na mkono wake na kola shingoni. Mkwe akazima, kisha akakaa chini sakafuni.

Mume wangu alitazama kipande cha shati kikiwa kimejiviringisha kwenye mota. Akasema, "Mashine ya wizi hii. Inakuja kimya kimya."

Watu wakacheka kwa sababu walikuwa wameogopa. Mimi sikucheka. Nilimshika ule mkono, nikahesabu vidole kama vya mtoto mchanga. Vyote vipo. Una mchubuko mwekundu tangu kiwiko mpaka begani.

Jumanne, 18 Machi

Nimemwambia asiingie tena chumba cha mashine. Ilinibidi niseme kwa sauti, yaani mtaa mzima umesikia mwanamume akifukuzwa kwenye kazi yake na mkewe. Fundi cherehani kwa mara ya kwanza hakuchangia.

Akasema sawa. Hakubisha. Heri angebisha.

Alhamisi, 20 Machi

Kazi inakwenda vizuri. Jua zuri, spika inalia, kinga imerudi na mkwe ameikaza kwa boliti ambazo bisibisi haiziwezi. Mahindi hayakwami. Ningekuwa mtu mwingine ningesema tumefanikiwa.

Mume wangu anashinda uani. Anaifuta injini kwa kitambaa, anaipaka grisi pasipohitaji grisi. Wateja wakipita wanamsalimia kwa heshima, "Shikamoo mzee." Anawajibu, "Yameshasagwa." Wanapita wanainamisha vichwa.

Amenuna. Nimemwita chakula mara kadhaa, hakugeuka mpaka nilipomgusa. Nikamwambia kununa ni kazi ya watoto. Akanitazama mdomoni, akatabasamu, akafuata sahani.

Namjua. Atanuna, atachoka, atarudi. Mwanamume wangu hajawahi kuninunia zaidi ya juma.

Jumamosi, 22 Machi

Watu wanasema malori ya mafuta yameonekana njiani. Watu husema mengi. Ila muuza mkaa leo hakunisalimia, kwa hiyo huenda ni kweli.

Binti amepiga simu. "Mama, mafuta yakija baba ataiwasha." Nikamwambia najua. "Daktari alisema–" Nikamwambia najua alichosema daktari, nilikuwepo, mimi ndiye niliyemtafsiria kwa kelele. Akasema, basi mfichie hendeli. Injini yetu ni ya zamani, bila kuizungusha kwa ile hendeli ya chuma haiwaki.

Nimeificha ndani ya gunia la pumba. Najiona kama mwizi ndani ya nyumba yangu. Lakini kuna kitu kimebaki katika sikio la kushoto, na mimi nakitaka. Injini imeshachukua fungu lake. Imechukua na la binti yangu, na la ndege, na la mvua juu ya bati. Hili lililobaki ni langu. Silitoi.

Jumatatu, 24 Machi

Mafuta yamefika!

Mji umepagawa. Pikipiki zote zimewashwa kwa pamoja tangu alfajiri, hata zisizo na safari. Maji yametoka, ya kahawia, tumeyashangilia. Basi limepita likipiga honi njia nzima. Mwalimu wa jiografia ameonekana ndani ya basi hilo, amekaa dirishani, hafundishi mtu. Hakuna hata mmoja anayezungumza habari za meli, wala vita, wala mwisho wa mafuta. Ungedhani ni jambo lililotokea kwa mababu.

Kwetu kumenyamaza. Wateja wote wako kituo cha mafuta. Mkwe amekwenda kufunga mota kwa mteja mwingine, amerudi mapema: mteja amebadili mawazo, amepata dizeli. Mkwe sasa amelala juu ya magunia, kofia usoni. Spika tumeizima.

Mume wangu aliondoka kabla sijaamka. Amerudi muda si mrefu, dumu begani, limejaa. Amelimimina lote kwenye tangi bila kumwaga tone. Ametafuta hendeli pale inapokaa. Ametafuta nyuma ya mlango, chini ya benchi. Hakuuliza mtu. Halafu akaja akasimama hapa mbele ya meza ya mizani.

Nimeifukua kwenye pumba asubuhi, nilihofia atalimwaga gunia. Ipo hapa mapajani mwangu, chini ya meza. Ameiona. Macho yake bado mazima.

Hakupiga kelele kama anavyopiga siku zote. Amesema taratibu, mpaka nikashtuka: "Mama watoto, nipe niwashe. Mara moja tu niisikie. Kisha mfanye mnavyotaka."

Naandika ili nionekane nina shughuli. Yeye hajaondoka.

Nimemjibu. Nimemwambia hapana. Nimemwambia kwa nini, yote, hata yale ya fungu langu ambayo niliyaandika humu tu. Mkwe ameondoa kofia usoni, ameketi. Nimerudia kwa sauti kubwa zaidi, ile ya kumwitia siku ya mkanda, koo linaniuma. Kule nje watu wawili wamesimama.

Mume wangu amenyoosha mkono, kiganja juu. Ananitazama mdomoni. Hajanuna. Alhamisi ile nilipomwita chakula pia hakuwa amenuna.

Anauliza mbona simjibu.